Uzi: Kutambua vyombo vya kale vya mapambo vya Japani (Satsuma, Imari, Kutani). Anza na kitako, muhuri uje mwisho

KitakoKwanza · #1

Wakuu, salaam.

Mtu akipata chombo cha Kijapani, picha ya kwanza anayopiga ni ya muhuri, na swali la kwanza ni "huu ni wa mwaka gani?" Makosa huanzia hapo. Muhuri ndio kitu chepesi kuliko vyote kughushi, kwani brashi moja na rangi nyekundu zinatosha. Udongo, glezi (tabaka la kioo linalofunika chombo), ukingo wa kitako na mkono wa mchoraji ni kazi ngumu kuviiga, kwa hiyo ndivyo vya kusomwa kwanza. Nitakaa zaidi kwenye Satsuma. Wenye Imari na Kutani yao waongezee.

Vifaa si vingi: lenzi ya sonara ya kukuza mara 10, tochi ndogo yenye mwanga mkali, ile tochi ya zambarau ya kukagulia noti bandia, rula na mizani ya jikoni.

Tenganisha kwanza udongo na kauri. Nikisema kauri nina maana ya ile nyeupe, ngumu, iliyochomwa kwenye joto la karibu nyuzi 1,300 za Selsiasi. Zima taa, ingiza tochi ndani ya chombo, upitishe kidole mbele yake. Kivuli cha kidole kikionekana upande wa nje, hiyo ni kauri. Ukuta ukiwa mnene, jaribu karibu na mdomo ambapo ni mwembamba. Imari, na majina mengine ya Kijapani kama Kakiemon, Nabeshima na Noritake, ni kauri. Satsuma ni chombo cha udongo wa rangi ya malai, na mwanga haupenyi hata kidogo. Ukiuziwa "Satsuma" inayopitisha mwanga, si Satsuma, hata kitako kikiwa kimeandikwa nini.

Halafu geuza kitako utafute mahali pasipo na glezi, maana hapo ndipo udongo unapojionyesha ulivyo. Udongo wa Satsuma nzuri ni laini, chembe zake ni ndogo mno, na rangi yake inaelekea kwenye pembe ya ndovu. Dondoshea tone la maji: litanywewa papo hapo. Nakala za kisasa nyingi zina udongo mweupe kama chokaa, au ni kauri moja kwa moja.

Hapo hapo kitakoni angalia mikwaruzo kwa lenzi. Chombo kilichokaa juu ya rafu na meza miaka mia kina mikwaruzo inayokwenda kila upande, mingi pale ukingo unapogusa meza na michache pengine. Kilichozeeshwa kwa msasa kina mikwaruzo iliyolala upande mmoja, na mara nyingi imefika hadi ndani ya kitako mahali ambapo meza haigusi kamwe.

Tuje kwenye wavu wa nyufa ndogo ndani ya glezi, jambo ambalo watu wengi huliona ni uthibitisho. Nyufa hizi hutokea kwa sababu glezi husinyaa kuliko udongo wakati chombo kinapoa tanurini. Haina nafasi ya kusinyaa, kwa hiyo inapasuka. Kwenye Satsuma nzuri wavu ni mwembamba kiasi kwamba bila lenzi unaona kama ukungu tu. Nyufa pana ni za kazi ya daraja la chini au za nakala, na za nakala zimepakwa rangi ya kahawia ili zionekane kuukuu. Uchafu wa kweli haulingani: umezidi mdomoni, kitakoni na pale maji ya maua yalipokuwa yakituama. Rangi ya kupakwa imelingana kuanzia juu hadi chini.

Mwisho wa sehemu hii ni dhahabu. Ya zamani ni unga wa dhahabu uliopakwa kwa brashi, ukachomwa, kisha ukasuguliwa. Mng'ao wake ni wa kutulia, kama asali. Dhahabu ya maji iliyoletwa kutoka Ulaya kuelekea mwisho wa karne ya 19 ni nyembamba na hung'aa kama kioo. Ikichakaa hubaki kivuli cha zambarau. Chombo chenye dhahabu ya maji peke yake kiweke karne ya 20 mpaka upate sababu ya kukirudisha nyuma.

---

KitakoKwanza · #2

Naendelea na historia kidogo, kwa sababu bila hiyo tarehe za wauzaji haziwezi kupimwa.

Shimazu Yoshihiro, bwana wa Satsuma (leo mkoa wa Kagoshima), alirudi kutoka vita vya Korea vya 1592 hadi 1598 akiwa na wafinyanzi wa Kikorea aliowachukua kwa nguvu. Walikalishwa sehemu kadhaa, mojawapo ikiwa Naeshirogawa, ambayo sasa inaitwa Miyama. Kazi yao ya mwanzo ilikuwa vyombo vyeusi vya matumizi ya kila siku na vyeupe vya bwana. Urembo wa rangi nyingi na dhahabu ulikuja mwisho wa karne ya 18, baada ya mafundi kutumwa Kyoto kujifunza. Kwa hiyo tangazo likisema "Satsuma ya 1650" na picha inaonyesha watawa wa Kibuddha wenye duara za dhahabu vichwani, funga ukurasa.

Mlango wa soko la dunia ulifunguka kwenye maonyesho ya Paris ya 1867, ambako Satsuma walishiriki kwa jina lao wenyewe, kisha Vienna 1873, ambako mfinyanzi Chin Jukan, wa kizazi cha 12, alipeleka vyombo vikubwa vilivyosifiwa sana. Baada ya hapo mahitaji ya Ulaya na Marekani yalizidi uwezo wa Kagoshima. Kyoto, Osaka, Yokohama na Tokyo wakaingia kazini, mara nyingi wakinunua vyombo vyeupe kutoka Kagoshima na kuvichorea kwao. Ndiyo maana "Satsuma" kwa mkusanyaji ni jina la mtindo kuliko la mahali. Kubwa kuliko zote ilikuwa karakana ya Kinkozan, mtaa wa Awata, Kyoto, iliyofungwa mwaka 1927. Mwenye brashi nyembamba kuliko wote ni Yabu Meizan wa Osaka (1853–1934), aliyefungua karakana yake mwaka 1880.

---

Fundi_wa_Arita · #3

Ahsante mkuu. Naingia upande wa kauri.

Imari ni jina la bandari. Vyombo vilifinyangwa Arita na vijiji vya jirani, vikasafirishwa kupitia bandari ya Imari. Waholanzi wa kampuni ya biashara ya VOC, waliokaa kisiwa cha Dejima kule Nagasaki, walitoa oda kubwa mwaka 1659, wakati China ilikuwa na vita na haikuweza kuwatosheleza. Mchanganyiko unaojulikana ni bluu chini ya glezi, nyekundu ya chuma na dhahabu juu ya glezi.

Wachina walipoona Imari inauzika, nao wakaitengeneza. Huu ndio mtego mkubwa kuliko nakala za juzi, kwa sababu vyote viwili ni vya kale kweli. Kuzitofautisha:

Kauri ya Arita ni nzito kidogo na inaelekea kwenye kijivu. Ya China ni nyembamba na nyeupe zaidi. Glezi ya Arita, ukiiinamisha kwenye mwanga wa dirisha, ina vishimo vidogo kama ganda la chungwa. Ukingo wa kitako wa Kichina mara nyingi una mstari wa kutu pale glezi inapoishia.

Na hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote: alama za vijiti. Sahani pana za Arita zilikuwa zinalegea katikati zikiwa tanurini, basi mafundi wakaziwekea chini vijiti vidogo vya udongo kuzishikilia. Chombo kikitoka, kijiti kinavunjwa na kuacha nundu au kovu dogo ndani ya duara la kitako. Utakuta moja katikati, au tatu, nne, tano zimepangwa. China hawakuwa na desturi hiyo kwenye sahani za aina hii. Ukiona makovu hayo, umekaribia sana kusema Japani.

Tahadhari ya muhuri: Arita waliandika majina ya enzi za wafalme wa Ming wa China kwa wingi, hasa Chenghua (成化年製). Hawakuwa wakighushi kwa maana ya leo, ilikuwa urembo na heshima. Usisome "Chenghua" ukakimbilia China. Vilevile herufi moja ya baraka, 福, ndani ya mraba, iko Arita na iko Kutani pia.

---

MwanaZidaka · #4

Wakuu, naomba kusaidiwa hiki. Chombo cha maua, kimo sentimita 31, uzito kilo 1.9. Mwanga haupenyi. Mandhari ya nyuma ni kahawia nyeusi, kuna watawa saba wenye nyuso nyeupe na joka limewazunguka. Nguo zao zimejaa vidonge vya rangi vilivyoinuka, unavihisi kwa kidole. Kitako kina herufi mbili kwa dhahabu, 薩摩 (Satsuma), na juu yake msalaba ndani ya duara. Muuzaji anasema ni cha ukoo wa Shimazu wenyewe kwa sababu ya huo msalaba. Nyufa ni pana, milimita 4 hadi 5 kati ya moja na nyingine.

---

KitakoKwanza · #5

Ndugu MwanaZidaka, maelezo yako yametosheleza, mengi ya majibu umeshayatoa mwenyewe.

Msalaba ndani ya duara ni nembo ya Shimazu, kweli. Lakini kila karakana ya Kyoto na kwingineko iliyouza "Satsuma" iliuchora kama alama ya aina ya bidhaa. Idadi ya vyombo vyenye msalaba huo ambavyo havijawahi kufika Kagoshima ni kubwa kupita kiasi. Hauthibitishi ukoo, hauthibitishi umri.

Watawa, joka, mandhari ya giza na vidonge vilivyoinuka ni mtindo wa kuuza nje uliotengenezwa kwa wingi kati ya miaka ya 1890 na 1930. Kilikuwa chombo cha dukani, si cha maonyesho. Tazama nyuso kwa lenzi. Kila mtawa akiwa na uso wake, makunyanzi yake na macho yanayotazama upande wake, alikaa fundi hapo. Wote wakiwa na uso mmoja, nyusi ni mstari mmoja na mdomo nukta moja, ni kazi ya haraka.

Kabla ya kulipa fanya mambo mawili. Lenga lenzi kwenye mashavu na pembe za nguo: ukiona vinukta vilivyopangwa safu kwa safu kama picha ya gazeti, ni karatasi iliyochapwa ikabandikwa, na chombo ni cha juzi. Pili, tia kidole ndani ya chombo kwenye shingo. Vyombo vya kumimina udongo wa majimaji kwenye kalibu huwa na mshono unaoshuka pande mbili na ndani ni laini sawasawa. Vya gurudumu vina mawimbi ya vidole yanayozunguka.

---

Bi_Mkasi · #6

Hapo kwenye kalibu naomba tusiwe wakali sana, kaka. Kinkozan na wenzake walitumia kalibu kwa vyombo vya pembe nne na vya pembe sita wakiwa katikati ya enzi ya Meiji (1868–1912). Chombo cha mraba hakiwezi kutoka kwenye gurudumu. Kwa hiyo mshono kwenye chombo cha duara ni dalili mbaya, kwenye chombo cha pembe si dalili ya lolote.

Na kuchapwa nako kuna daraja. Yabu Meizan alichongesha sahani za shaba ili mistari ya awali ya michoro yake ihamishiwe kwenye chombo ikiwa sawa kila mara, kisha rangi na dhahabu vikapakwa kwa mkono. Ndiyo siri ya umati wa watu mia na zaidi kwenye bakuli la sentimita 12 bila hata mmoja kupotoka. Tofautisha mstari uliohamishwa na sahani ya shaba, ambao ni mwembamba na haukatiki, na vinukta vya matbaa ya kisasa.

---

KitakoKwanza · #7

Nimekubali, dada. Mshono uhukumu vyombo vya duara tu.

---

Mtafsiri wa Kitako · #8

Niongeze kuhusu kusoma muhuri, maana ndio mwisho wa safari na watu wanaushika kinyume.

Soma kutoka juu kwenda chini, na ukikuta safu mbili au tatu, anza na ya kulia. Kosa la kawaida ni kupiga picha kitako kikiwa kimepinduka. Tafuta kwanza herufi ya mwisho, ambayo mara nyingi ni 造, 製 au 作. Zote zinabeba maana ya "kutengeneza", na ukiipata ujue huo ndio upande wa chini na jina liko juu yake. 画 ni "kuchora", yaani jina hapo ni la mchoraji wala si la mfinyanzi. Hivyo 錦光山造 ni "imetengenezwa na Kinkozan", na 大日本九谷造 ni "Japani Kuu, imetengenezwa Kutani".

大日本, yaani Japani Kuu, ilipendwa sana enzi ya Meiji. Ikiwa imeandikwa kwa brashi, na udongo na dhahabu vinakubaliana nayo, ni dalili nzuri. Peke yake haitoshi, kwa kuwa wanakili wanaijua.

Maandishi ya herufi za Kirumi yana tarehe zake. Sheria ya ushuru ya Marekani, iliyobeba jina la McKinley, iliagiza kuanzia Machi 1891 kila bidhaa ya kigeni iandikwe nchi inakotoka. Wajapani wakaandika "Nippon". Mwaka 1921 forodha ya Marekani ikasema Nippon ni neno la Kijapani, iandikwe "Japan". "Occupied Japan" ni ya kipindi cha ukaliaji wa Marekani baada ya vita, na alama hiyo ilikoma mwaka 1952. Kwa hiyo:

"Nippon" ni 1891 hadi 1921.
"Japan" au "Made in Japan" ni 1921 na kuendelea.
"Satsuma" kwa herufi za Kirumi, na hasa "Royal Satsuma", mara nyingi ni nakala za miongo ya karibuni, nyingi kutoka China na Hong Kong. Sijawahi kuona sababu ya kuinunua kama kitu cha kale.

Kosa linalofanywa na hata wazoefu ni kugeuza kanuni hiyo na kusema "haina jina la nchi, kwa hiyo ni ya kabla ya 1891". Sivyo. Sheria ilihusu bidhaa zinazoingia Marekani. Chombo kilichouzwa Ulaya au kwa mtalii ndani ya Yokohama hakikuhitaji chochote. Zaidi ya hapo, wengine walibandika karatasi iliyooshwa ikatoka, na kwenye seti ya chai wakati mwingine kiliandikwa kipande kimoja tu.

---

Fundi_wa_Arita · #9

Kwenye Nippon kuna nakala pia. Zilizoingia sokoni tangu mwisho wa karne ya 20 ziliiga muhuri wa kampuni ya Morimura, ile M ndani ya shada la majani. Toleo moja la bandia linaonyesha umbo la glasi ya saa ya mchanga mahali pa M. Hilo likionekana, hakuna haja ya kugusa kingine.

Kwa vyombo vya bluu na nyeupe, rangi yenyewe inasema umri. Gottfried Wagener, mkemia Mjerumani, alifika Arita mwaka 1870 akawafundisha kutumia oksidi ya kobalti ya viwandani. Bluu ya kabla yake ilitoka kwenye madini ghafi: ina kijivu ndani yake, imekolea hapa na kupauka pale. Bluu ya baadaye ni kali, ya zambarau kidogo, imelingana. Bakuli lenye bluu kali lisiitwe la karne ya 18.

Tena kuna uchapaji wa enzi ya Meiji. Wa mwanzo ni wa karatasi iliyokatwa matundu. Mistari yake imekatika kila baada ya sehemu fulani, kwa sababu karatasi iliyokatwa mstari mzima ingedondoka. Uliofuata ni wa sahani ya shaba: mistari membamba mno, na mahali karatasi mbili zilipokutana utaona ua limekatwa nusu au mistari haikukutana. Ni vyombo vya bei ya chini lakini ni vya kale kweli, na kwa anayeanza ndiyo shule nzuri kuliko kukimbilia kitu cha maelfu ya dola.

---

Pwani_Kauri · #10

Swali kwa mwendelezo huo. Huku pwani, kwenye nyumba za mawe za Lamu na Unguja, kuna sahani za bluu na nyeupe zilizokuwa zikipangwa kwenye zidaka, na nyingine zimepachikwa kwenye nguzo za makaburi ya kale. Wauzaji siku hizi wanaziita "za Kijapani" kwa wageni. Mtu azichambue vipi haraka?

---

Fundi_wa_Arita · #11

Anza na dhana kwamba ni za China, maana wingi wa kauri za pwani ulitoka huko kwa karne nyingi. Kisha jaribu mwanga. Ikiwa mwanga haupenyi na kitako kina muhuri uliochapwa wa kiwanda, angalia neno Maastricht. Viwanda vya mji huo wa Uholanzi viliuza mabakuli na sahani nyingi sana Afrika Mashariki kuanzia karne ya 19, na baadhi yaliiga urembo wa mashariki. Mwanga ukipenya, tafuta makovu ya vijiti. Bila makovu, bila vishimo vya ganda la chungwa, na kuna mstari wa kutu kitakoni, ibaki China.

Na tafadhali, kilichopachikwa kwenye kaburi au ukuta wa kale kibaki hapo. Kukibandua ni kuharibu mabaki ya kale yanayolindwa na sheria, Kenya na Tanzania. Ukiletewa kipande chenye chokaa ya ujenzi mgongoni, usikinunue.

---

Bi_Mkasi · #12

Kutani mmeiruka, niiseme kwa ufupi. Ya kwanza kabisa, Ko-Kutani (yaani Kutani ya kale), ilidhaniwa yote ilitoka kijiji cha Kutani, jimbo la Kaga, kuanzia karibu 1655. Uchimbaji wa matanuri ya Arita ukatoa vigae vya aina hiyo hiyo, na sasa nyingi zinahesabiwa kuwa kazi ya Arita. Kazi ya Kaga ilifufuliwa karne ya 19, tanuri la Yoshidaya likianza 1824. Unayoweza kukutana nayo sokoni ni ya Meiji: nyekundu na dhahabu, ndege na maua ndani ya vidirisha, mtindo wa Kutani Shoza (1816–1883). Jina lake liliandikwa na wengi waliomfuata, kwa hiyo 庄三 kitakoni maana yake ni "mtindo wa Shoza" mpaka ithibitike vingine. Vikombe vyembamba vyenye uso wa mwanamke unaotokea kitakoni ukivinyanyua kwenye mwanga ni vya karne ya 20, hata muuzaji aseme nini.

---

MwanaZidaka · #13

Nimekagua kama mlivyosema. Nyuso zote ni moja, hakuna vinukta vya gazeti, ndani kuna mawimbi ya vidole. Jipya ni hili: chini ya ile tochi ya zambarau, mahali pamoja kwenye mdomo panang'aa weupe wa maziwa tofauti na pengine. Na kitakoni kuna tundu la duara kama milimita 10.

---

KitakoKwanza · #14

Basi ni cha kweli cha mtindo wa kuuza nje, mwanzoni mwa karne ya 20, chenye majeraha mawili.

Panapong'aa pamekarabatiwa. Gundi nyingi, resini na rangi za kisasa huitikia mwanga huo tofauti na glezi. Thibitisha kwa ncha ya sindano ya plastiki au kijiti cha meno, usitumie chuma: ukarabati ni laini na una joto kidogo ukiugusa kwa mdomo wa juu, glezi ni baridi na ngumu. Fahamu pia kwamba ziko rangi za ukarabati zisizong'aa kabisa, kwa hiyo tochi ikikaa kimya bado unapitisha kidole.

Tundu la milimita 10 lilitobolewa kupitisha waya, chombo kiligeuzwa taa. Tazama kingo zake: zikiwa zimemeguka na glezi imekatwa, lilitobolewa baadaye. Glezi ikiwa imeingia mpaka ndani ya tundu, liliachwa tangu kiwandani. Tundu la baadaye hushusha bei sana. Kwa chombo cha daraja hili, ningelipa bei ya pambo la kawaida, si bei ya kitu cha kale.

---

Tanuri7 · #15

Kuna jambo linaenezwa kwamba ukigonga chombo kwa ukucha kikalia kama kengele ni kizima. Liko sahihi kwa kauri tu. Kauri nzima ikishikwa kwa ncha za vidole hulia kwa muda, na yenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Satsuma ni udongo, sauti yake ni butu hata ikiwa nzima. Watu wamerudisha vyombo vizuri kwa sababu hiyo. Kwa Satsuma, ufa tafuta kwa mwanga: kagua ndani kwa tochi, kisha nje kwa lenzi. Ufa wa kweli huvuka mistari ya wavu wa glezi na huonekana ndani na nje. Mstari wa wavu hauvuki ukuta, unaishia ndani ya glezi ya upande wake.

---

Pwani_Kauri · #16

Na kusafisha? Hewa ya bahari na vumbi huku havipumziki.

---

Bi_Mkasi · #17

Kauri na udongo visisafishwe namna moja, mwenzangu.

Kauri isiyokarabatiwa: beseni la plastiki, taulo chini, maji ya uvuguvugu, matone mawili matatu ya sabuni ya vyombo, kitambaa laini. Kimoja kimoja. Pete na bangili vua.

Satsuma usiizamishe kamwe. Udongo hunywa maji kupitia kitako na kupitia nyufa za glezi, kisha uchafu unasafiri na maji hayo na kutokeza madoa pale yasipokuwepo. Futa kwa pamba iliyonyeshwa na kukamuliwa, sehemu ndogo ndogo, ukikausha papo hapo. Juu ya dhahabu pitisha brashi laini ya vipodozi tu, usisugue. Dhahabu imekaa juu ya glezi na ilichomwa kwa joto la chini, karibu nyuzi 700 hadi 800, haijayeyuka ikawa kitu kimoja na glezi.

Klorini ni adui wa vyote. Inaingia kwenye nyufa, inaacha chumvi, na chumvi hiyo ikikauka na kulowa na unyevu wa pwani inatanuka na kusukuma glezi ibanduke. Madhara yanaonekana baada ya miezi, wakati muuzaji ameshakwenda.

Vishikio vya waya wenye springi vya kutundikia sahani ukutani viondoe. Vinabana ukingo siku zote na ndivyo chanzo cha mimeguko mingi ukingoni. Tumia kigoda cha sahani. Na usile wala kunywea vyombo vyenye rangi juu ya glezi, kwa sababu rangi nyingi za zamani zina risasi.

---

Mtafsiri wa Kitako · #18

Visanduku. Kazi nzuri hukaa kwenye sanduku la mti wa kiri (mti mwepesi wa Kijapani), lenye maandishi ya wino juu ya kifuniko na muhuri mwekundu wa fundi. Sanduku lenye saini ya fundi mwenyewe huongeza thamani, ila masanduku hubadilishwa. Pima: chombo kiingie kwa nafasi ya kitambaa tu. Kikicheza sentimita 3 kila upande, sanduku hilo lilikuwa la kitu kingine. Maandishi yataje umbo lile lile. Sanduku linalosema bakuli la chai haliwezi kuwa la chombo cha maua.

---

Tanuri7 · #19

Kwa wanaonunua kutoka nje, omba picha hizi kabla ya kulipa: kitako kizima kwa mwanga wa mchana, ukingo wa kitako kwa karibu, mdomo kutoka juu, ndani kwa tochi, uso mmoja wa mtu aliyechorwa kwa lenzi, na muhuri ukiwa umesimama wima. Omba kimo, kipenyo na uzito. Muuzaji anayetuma muhuri tu na kukataa kitako, achana naye.

Kufunga: kifuniko na mwili visafiri mbalimbali. Karatasi laini isiyo na wino igusane na chombo, kwani gazeti huhamishia wino kwenye nyufa za Satsuma. Kisha nailoni ya mapovu, boksi la ndani, na sentimita 5 za sponji kila upande kabla ya boksi la nje. Ndani ya chombo jaza karatasi kwa ulaini, usishindilie, maana shinikizo la ndani hupasua shingo.

Forodhani, pambo la kauri au udongo liko kwenye kichwa cha ushuru 69.13, na kitu cha kale kilichozidi miaka 100 kiko 97.06. Hiyo ya pili inadai ushahidi wa umri, kwa hiyo ankara iandikwe kipindi na makadirio ya mwaka, si "vase" peke yake. Mwulize wakala wako kabla mzigo haujapanda.

---

MwanaZidaka · #20

Nimewaelewa wakuu. Muuzaji ameshuka hadi theluthi ya bei baada ya kumwonyesha tundu na ukarabati wa mdomoni. Swali la mwisho: tundu lizibwe au liachwe?

---

KitakoKwanza · #21

Liache. Kuliziba ni kuficha, na atakayekinunua baada yako ataligundua kwa tochi ile ile. Ukitaka kuweka maua, tia kopo la plastiki au glasi ndani, maji yasiguse udongo. Piga picha ya tundu na ya mdomo chini ya mwanga wa zambarau, uandike vipimo na tarehe uliyonunua, uhifadhi pamoja na risiti.